Jibu: Bima ya kamera kwa mpangaji wa Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama mpangaji anaweza kukatia kamera yake bima. Kupanga chumba hapo mtaa wa Langoni hakukuzuii. Bima ya nyumba huku Kenya ina vifungu: jengo muachie mwenye nyumba, wewe chukua vyombo vya ndani, kisha uongeze kifungu cha vitu vya kubeba, kinacholinda kamera hata ukiwa nje. Kila lenzi iandikwe kwa bei na ile nambari yake iliyochapwa, weka risiti. Ila ukipiga picha za harusi kwa malipo, sema mapema tafadhali! Bima ya nyumbani kwa kawaida haigusi vifaa vya kazi. Uliza pia kuhusu kamera kutumbukia ukishuka mashua Shela. Kutu ya chumvi inayokula polepole huwa hailipwi, kwa hiyo nunua mfuko usiopenya maji.