Zimwi la Miraba Minne: Kanuni Zetu za Ukubwa Kwenye Dungeons & Dragons

Tuna msemo wa mtu wa miraba minne. Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, toleo la tano, zimwi linakaa miraba minne kweli: miwili kwa miwili, kila mraba futi 5. Nilipowaeleza wenzangu hilo mara ya kwanza walicheka, halafu mmoja wetu, fundi seremala, akauliza: "Sasa kaka, ukiacha hiyo miraba, ukubwa wenyewe unafanya kazi gani?"

Mimi ndiye mwendesha mchezo, kwa hiyo nililazimika kutafuta jibu. Nikalikuta, nalo halikunifurahisha.

Kitabu cha kanuni za mchezo kina ngazi sita za ukubwa. Sisi tumezipa majina yetu, maana Kiswahili kinajua kupima viumbe kwa viambishi tu: kuna kijitu, mtu na jitu, na nyoka akizidi anakuwa joka. Basi mezani kwetu ngazi ni kijidudu, kijitu, mtu, zimwi, jitu na joka. (Najua, kinda la joka kitabuni lina ukubwa wa mtu. Tunaliita "joka la ngazi ya mtu" na maisha yanaendelea.) Vipande ni vizibo vya soda, kama wacheza drafti. Miraba tunaichora kwenye karatasi ya manila, sentimita 3 kila upande, na kizibo kinaenea humo vizuri. Zimwi ni kifuniko cha chupa ya jemu, jitu ni kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, joka ni kisosi. Kama huna hela ya sanamu za kuagiza, anza hivyo hivyo. Kisosi kikitua katikati ya vizibo, watu wanaacha kutafuna karanga.

Tatizo ni kinachofuata baada ya kutua. Ukihesabu miraba inayomgusa kiumbe, mtu ana 8, zimwi 12, jitu 16, joka 20. Kwa hiyo kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyozungukwa na maadui wengi zaidi. Jitu la vilimani, lenye urefu wa futi 16, linapiga mara mbili kwa zamu, na wakati huohuo watu watano wamelizunguka wanalitoboa kama gunia la mahindi. Ukubwa umegeuka mzigo.

Niliposhtukia hilo nikafanya kosa ambalo naomba usilirudie. Galileo alishaeleza mwaka 1638 kwamba umbo likikua mara mbili kila upande, uzito wake unakua mara nane, na uchawi wa kukuza viumbe kwenye mchezo unafuata hesabu hiyohiyo: vipimo mara mbili, uzito mara nane. Nikaona basi, pigo nalo likue. Nikaandika kwamba jitu likimpiga aliye chini yake kwa ngazi mbili, madhara yanazidishwa mara mbili. Jumapili ya kwanza tu rungu likawalaza wawili kwa zamu moja, na mmoja wao alikuwa amemaliza wiki nzima akiandika historia ya mhusika wake. Alikunja karatasi yake kimyakimya. Ningependelea anitukane.

Nilikuwa nimehesabu ukubwa mara mbili. Waliotunga mchezo walishauweka ndani ya namba. Dadu ya uhai, ile inayopimia uhai wa kiumbe, kwa kijidudu ina nyuso 4, ya kijitu 6, ya mtu 8, ya zimwi 10, ya jitu 12, ya joka 20. Rungu la mtu ni dadu moja ya nyuso 8. Rungu la jitu ni dadu tatu za namna hiyo, na juu yake nguvu za mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujagusa uhai au madhara, fungua ukurasa wa kiumbe usome namba zake. Palipobaki wazi ni kwenye mwendo, kusukumana na kukabana. Huko ndiko nilikohamia, na huko ndiko ningekushauri uanzie.

Kanuni ya kwanza tunaiita ya nyasi, na kila aliyesikia habari za tembo wanaopigana anajua jina limetoka wapi. Kitabu tayari kinamruhusu kiumbe kupita katikati ya miraba ya adui aliyemzidi au aliyezidiwa naye kwa ngazi mbili, kwa mwendo wa taabu. Sisi tumeongeza kwamba mkubwa akipita hivyo, aliye chini anarusha dadu ya wepesi, na akikosa anaanguka. Anatakiwa kufikisha 12 kwa zimwi, 14 kwa jitu, 16 kwa joka. Hakuna damu. Anaanguka tu, na kuinuka kunamla nusu ya mwendo wake. Kwa kanuni hiyo moja jitu halizungukwi tena kizembe. Wachezaji wameanza kutafuta miti, kuta na mitaro, na mapigano yamepata uwanja badala ya duara.

Ya pili ni ya sungura, ili wadogo nao wasionewe. Aliyezidiwa ngazi mbili au zaidi anaweza kumparamia mkubwa. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kina kanuni ya hiari inayofanana na hii: mnashindana kwa dadu, ukishinda unang'ang'ania mwilini mwake na unashambulia kwa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Nyongeza yetu ni ndogo: wenzake wa jitu wakimlenga aliyepanda na kumkosa kwa pointi 1 au 2, pigo linampata jitu mwenyewe. Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Dada mmoja mwenye mhusika wa futi 3 hapigani tena na kitu asichoweza kukipanda.

Kukabana kulitusumbua zaidi. Kitabuni unaweza kukaba kiumbe kinachokuzidi ngazi moja, na aliyekabwa mwendo wake unakuwa sifuri. Maana yake mtu mmoja mwenye bahati ya dadu anasimamisha zimwi zima, na akipenda analiburuta. Sisi tunasema mdogo akimkaba mkubwa peke yake, mkubwa anabaki na nusu ya mwendo na anaondoka na mkabaji wake akining'inia. Wakikaba wawili wanahesabiwa ngazi moja juu, na hapo zimwi linasimama. Jitu linataka wanne. Usiku mmoja walifika watatu tu, wa nne akakwama kwenye tope hatua mbili nyuma, na zile kelele zilimwamsha mama mwenye nyumba.

Ya mizigo nimeiacha. Kijitu cha ratili 40 chenye nguvu 16 kinabeba ratili 240 sawasawa na mtu mzima, na ndiyo, ni kichekesho. Lakini kukokotoa mizigo kunaua jioni.

Bado tuna moja hatujakubaliana. Dada yule wa kupanda majitu alipunguzwa kwa uchawi akawa ngazi ya kijidudu, akaingia sikioni mwa zimwi, na uchawi huo haudumu zaidi ya dakika moja. Seremala anasema ukiisha zimwi linakufa papo hapo. Mimi nasema uchawi unamtema nje kwenye mraba wa karibu, wote wawili wakiwa wameumia kiasi. Yeye anasema sikio lenyewe limejaa nta, atateleza. Tumeahirisha hadi Jumapili, na kizibo chake bado kiko juu ya kifuniko cha jemu.