Maswali na majibu: hati za ofisi zikae wapi kwenye seva?

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo moja: hati za watu wengi ziwekwe wapi kwenye seva, na nani aruhusiwe kuzigusa. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Maalim, skuli yetu ina seva moja ya Windows, lakini kila mwalimu anaweka mitihani kwenye mashine anayoikalia. Muhula uliopita moja ilikufa na mitihani ya Kidato cha Pili ikaenda nayo. Tunataka hati ziende kwenye seva bila ya mwalimu kukumbuka chochote. (Karani wa skuli, Wete)

"Bila ya mwalimu kukumbuka", hapo ndipo penyewe. Mkiwaomba watu wahifadhi kwenye seva, watatii wiki ya kwanza tu. Ihamisheni folda yenyewe ya Documents: mwalimu ataiona palepale alipoizoea, lakini vilivyomo vitakaa kwenye seva. Ikiwa kompyuta zenu zimo kwenye domeni, yaani zinasimamiwa pamoja na seva moja, kazi hiyo hufanywa na sera ya kikundi (Group Policy, mipangilio ambayo seva huzipa kompyuta zote), upande wa mtumiaji, chini ya mipangilio ya Windows. Pameandikwa "Folder Redirection".

Kwanza tayarisheni mahali. Undeni folda kwenye diski isiyokuwa C, tuseme D:\Hati, kwa sababu C ikijaa hukwama seva nzima. Ishirikisheni kwa jina lenye alama ya dola mwishoni, Hati$, ili isionekane na kila anayepekua mtandao. Dola inaficha tu, haifungi. Kinachofunga ni ruhusa. Kwenye folda mama walimu wapewe haki ya kuorodhesha na kuunda folda hapo juu tu, isirithiwe chini. Mwenye folda awe na haki zote ndani ya folda yake, na msimamizi na mfumo wawe nazo kote. Halafu kwenye sera andikeni \\seva\Hati$ na mchague kila mtumiaji aundiwe folda yake. Msiziunde kwa mkono. Ziacheni zijiunde mwalimu anapoingia, ndipo umiliki unapokaa sawa.

Kwenye sera hiyo mtakuta visanduku viwili vimeshatiwa tiki. Kimoja kinampa mtumiaji haki ya peke yake. Kikibaki hivyo, mwalimu akihamishiwa Micheweni hata msimamizi hafungui alichokiacha bila ya kwanza kuuchukua umiliki. Mimi hukiondoa, na walimu huwaambia wazi kwamba nimekiondoa. Cha pili kinahamisha hati zilizopo, kiacheni. Ila siku ya kwanza kila mashine itasukuma mzigo wake wote na kuingia kutachelewa, basi wahamisheni watu wachache wachache, na isiwe wiki ya mitihani.

Windows pia huweka nakala ya folda hizo ndani ya kompyuta, ili zifunguke seva isipopatikana. Kwa kompyuta ya mkononi hiyo ni neema. Kwenye mashine ya chumba cha walimu inayokaliwa na watu sita, izimeni.

Lakini mtihani unaotungwa na walimu watatu usikae kwenye folda ya mmoja wao. Upeni folda ya idara. Documents ni ya mtu, na mtu huondoka. Kazi ya skuli inabaki.

Nimeshirikisha folda na kumpa kila mtu haki zote, lakini watu wa mapokezi wakihifadhi wanaambiwa hawana ruhusa. (Mhasibu wa hoteli, Paje)

Folda ya Windows inayoshirikishwa ina milango miwili: ruhusa za kushirikisha na ruhusa za folda yenyewe kwenye diski. Anayepitia mtandao huvuka yote miwili, na ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Wewe umefungua wa nje. Wa ndani bado unawaruhusu kusoma tu.

Wa nje uache wazi kwa walioingia kwa majina yao, ubane kwenye wa ndani. Tena uwape vikundi, si watu: Mapokezi, Hesabu, Jikoni. Hoteli za pwani hubadilisha wafanyakazi kila msimu, na kufukua jina la mtu kwenye folda arubaini ni adhabu. Ukimtia mtu kwenye kikundi, mwambie atoke kwenye kompyuta na kuingia upya, la sivyo atakupigia simu kwamba bado imekataa.

Tulibadilisha seva, na viunganishi vyote vimekufa, mpaka vya ndani ya Excel. (Wakala wa forodha, Malindi)

Bila shaka mliandika namba ya seva, au jina la mashine yenyewe. Ipeni kazi jina lake, kama "hati", liwe la ziada kwenye DNS, daftari la mtandao linaloonyesha jina lipi ni la mashine ipi. Mkibadilisha mashine, mnalielekeza jina hilo kwa mpya. Ikiwa seva ni ya Windows, nayo ijulishwe jina hilo kwa amri ya netdom computername yenye /add, kwani kuingia kunaweza kugoma. Vile vya ndani ya Excel mtavirekebisha safari hii, faili moja moja.

Na punguzeni urefu wa majina ya folda. Njia nzima kwenye Windows kwa kawaida haizidi herufi 260, na Excel hugoma mapema zaidi, kwenye 218.

Nimeweka Samba, programu ya kushirikisha folda na kompyuta za Windows, kwenye kompyuta kuukuu ya Linux. Mmoja akiandika faili, mwengine anaisoma tu. (Kijana, Jang'ombe)

Faili inabaki kwenye kikundi cha aliyeiandika. Kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, sehemu ya folda hiyo, weka:

force group = ofisi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Folda yenyewe uipe kikundi cha ofisi kwa amri ya chgrp, kisha uipange ruhusa zake kwa chmod 2770. Pitisha testparm, amri inayokagua makosa kwenye smb.conf, kabla ya kuiwasha Samba upya. Faili za zamani hazitajirekebisha, hizo utazibadilisha kwa mkono.

Tuna diski mbili zinazoandika kitu kimoja. Bado tunahitaji nakala rudufu? (SACCOS, Chake Chake)

Ndiyo. Karani akifuta daftari, linafutika kwenye diski zote mbili sekunde ileile. Wekeni nakala moja kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi, na nyingine nje ya jengo. Mkiwa na tawi Unguja, ndio mahali pake. Kila mwezi rudisheni faili moja kutoka kwenye nakala muone kama inafunguka.

Na seva iwe na betri inayoiambia ijizime vizuri umeme ukikatika. Waliokuwapo Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme wa waya wa baharini, hawahitaji kuhimizwa.

Programu yetu ya uhasibu naweza kuiweka hazina yake ya data ndani ya Documents iliyohamishwa? (Duka la jumla, Mwanakwerekwe)

Usiiweke. Nakala ya ndani ya kompyuta na ile ya seva zitapishana, na hesabu zitaharibika kimyakimya. Ipe folda yake kwenye seva, uzime kwenye folda hiyo ruhusa ya kuwekwa nakala nje ya mtandao, na uichukulie nakala rudufu usiku, programu ikiwa imefungwa kwenye mashine zote.