Mgonjwa wako akiambiwa aingie utafiti wa dawa ya limfoma, uliza kwanza

Kaka yangu alipokutwa na limfoma, saratani ya chembe za kinga mwilini, ile inayokimbia sana, wakamwambia kuna utafiti, kwamba atapewa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kama kawaida alafu wengine wataongezewa dawa mpya inayolenga seli za ugonjwa zenyewe. Huku kwetu Busia kukawaka moto, shangazi analia eti tunamtoa mtoto wetu awe panya wa maabara, na mimi niliogopa vilevile.

Kilichonituliza ni swali moja, asiyepata hiyo mpya anapata nini? Sista akatueleza pole pole, wote wanapata R-CHOP, yaani kemo ya kawaida pamoja na dawa inayoitwa R, kila baada ya siku 21, hakuna anayeachwa hivi hivi na ugonjwa wake, na wa kuongezewa anachaguliwa na kompyuta, sio daktari. Hata hiyo R, yaani rituksimabu, ilipitia njia hiyo hiyo, Wafaransa na wenzao walichukua wagonjwa 399 wa miaka 60 mpaka 80, matokeo yakatoka 2002, baada ya miaka 2 walioipata pamoja na kemo walikuwa hai asilimia 70, wa kemo peke yake 57.

Lakini usidhani mpya ndo bora. Dawa nyingine, ibrutinibu, ilipoongezwa juu ya R-CHOP, wa miaka 60 kwenda juu madhara yalizidi na walioweza kumaliza kemo wakapungua. Kwa hiyo uliza kuhusu umri wa mgonjwa wako, na fomu ya kukubali utafiti ikiwa ya Kiingereza msisaini, sisi tuliomba tusomewe kwa Kiswahili na Kisamia, wakakubali. Mgonjwa anaweza kutoka kwenye utafiti siku yoyote na bado atatibiwa.

Kipimo cha homa ya ini B kisirukwe jamani, rituksimabu inaweza kuamsha virusi vilivyolala na ini likaharibika kabisa.

Dripu ya kwanza usimwache peke yake. Kaka alianza kutetemeka meno yanagongana, nikamfunika leso ya mama, sista akaisimamisha, akamchoma sindano, baadaye ikarudishwa tone kwa tone. Kwenye kemo kuna dawa nyekundu, nayo inatoa mkojo mwekundu, msishtuke.

Homa je? Hapo ndo tulikosea. Wiki ya pili mwili ukachemka, tukasema malaria tu, tukanunua dawa dukani, siku mbili zikapotea wakati chembe nyeupe za damu zimeshuka na maambukizi yanamla. Homa ya mtu wa kemo ni ya kukimbia hospitali usiku huo huo. Siku hizi namba ya sista imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, hata mtoto anaweza kupiga.