Barua kwa mwanangu: usingoje woga uishe

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba wazee wa usharika wamekuomba uongoze jumuiya, nawe unataka kungoja kwanza woga uishe. Unauliza Mungu humwandaaje mtu mwoga.

Soma katika Biblia kitabu cha Waamuzi, sura ya 6 na 7, bila haraka. Gideoni, mwoga ambaye Mungu alimwita awaokoe Waisraeli mikononi mwa Wamidiani, hakuanzia vitani. Alianzia kwa baba yake: Mungu alimwambia aibomoe madhabahu ya mungu Baali, aikate Ashera, nguzo ya ibada ya mungu wa kike, na kuni zake azitumie kumteketeza ng'ombe wa miaka saba. Aliwaogopa ndugu na watu wa mji, akaifanya kazi hiyo usiku, pamoja na watumishi kumi. Mungu hakumkemea kwa kwenda usiku. Asubuhi watu wa mji walitaka auawe, na baba yake Yoashi akamtetea. Sasa tazama mstari wa 34: alipopiga tarumbeta, wa kwanza kumfuata walikuwa Waabiezeri, ukoo wake mwenyewe wa Ofra. Walikwisha kumwona akitii. Na woga haukuwa umeisha. Usiku wa vita Mungu alimruhusu, kama anaogopa, ashuke na Pura mtumishi wake asikilize maneno ya kambini.

Basi nawe tafuta madhabahu ya kubomoa karibu nawe, yaani jambo dogo la kutii kwanza. Ukiletewa kazini hati ya kupokea mzigo ambao hujauona, sema tu, "Sijauona, siwezi kusaini," kisha nyamaza. Wengi huharibu hapo: wanaongeza mahubiri, mwenzao anaona amehukumiwa, ugomvi unaanza.

Kwenye jumuiya, omba kwanza kusoma Neno. Lisome nyumbani mara tatu kwa sauti, ukiwa umesimama, na majina magumu uyapigie mstari. Ukizoea, omba kuongoza sala. Dakika mbili zinatosha: shukrani, hitaji moja la mtu unayemjua, amina. Sala hurefuka mtu anapouogopa ukimya, akaanza kurudia maneno.

Kumtembelea mgonjwa ndiko kunakofundisha zaidi, maana huko hakuna wa kukupigia makofi. Nenda na mwenzako mmoja, mkae robo saa. Usimhoji juu ya ugonjwa wake. Muulize kama angependa kusomewa. Zaburi ya 121 ina mistari minane tu, haimchoshi. Akikataa, kaeni naye tu.

Usirukie kuhubiri kwenye mkesha kwa sababu umepata moto wiki moja. Ukikwama mbele ya watu aibu inakuwa kubwa, na vijana wengi hawarudi tena. Na ukikwama katika jambo dogo, lirudie wiki hiyohiyo. Ukiliacha mwezi mzima, woga unaota mizizi.

Wajibu wazee kwamba unakubali, ila uombe mwenzako wa kusaidiana naye miezi mitatu ya mwanzo. Gideoni naye alikuwa na watu kumi.

Mama yako