Maswali ya Wasomaji: Kufungua Diski Bila Kufungulia Matangazo

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa tarakilishi katika kituo cha mafunzo hapa Kisauni, Mombasa. Masomo yetu mengi yalinunuliwa zamani yakiwa kwenye CD na DVD, nasi tukayahifadhi kama faili za ISO, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja, na machache kama BIN na CUE, kwa kuwa tarakilishi tulizo nazo sasa hazina tena mahali pa kutilia diski. Programu ya bure tunayoyafungulia, ile inayojifanya kiendeshi cha diski, imeanza kuleta matangazo kila inapofunguka, mengine ya kamari, mbele ya watoto, na bando letu la intaneti linakwisha upesi. Tarakilishi nyingi zina Windows 10, mbili bado zina Windows 7. Je, ipo programu ya bure isiyo na matangazo? – Mwalimu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Ipo, lakini kwa sehemu kubwa ya kazi yako huna haja ya kupakua chochote. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, uwezo wa kufungua faili ya ISO kana kwamba ni diski halisi umo ndani ya Windows yenyewe, kwa hivyo tarakilishi zako za Windows 10 tayari zinao. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Mount", na papo hapo utaona katika "This PC" kiendeshi kipya cha DVD chenye herufi yake. Ukimaliza somo, bofya kiendeshi hicho kwa kitufe kilekile, kisha uchague "Eject".

Ikiwa neno "Mount" halionekani, aghalabu ni kwa sababu programu nyingine, kwa mfano ya kufungulia faili zilizobanwa, imejitwalia faili zote za ISO. Hapo pitia "Open with" kisha uchague "Windows Explorer". Na ikiwa Windows itakataa kwa kudai kwamba faili sharti iwe katika NTFS (mpangilio wa kuhifadhi faili unaotumiwa na Windows), inakili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski kuu ya tarakilishi, katika folda isiyobanwa.

BIN na CUE (BIN hubeba data yenyewe, CUE hueleza mpangilio wake) ndizo zenye kazi, kwa maana Windows haizifungui. Utawasikia mafundi wakikushauri ubadilishe tu jina la mwisho la faili, BIN iwe ISO. Usiufuate ushauri huo. Faili ya BIN kwa kawaida hubeba kila sekta (kipande kidogo cha data) ya CD nzimanzima, yaani baiti 2,352, ilhali ISO huchukua zile baiti 2,048 za data peke yake. Kubadilisha jina hakubadilishi mpangilio wa yaliyomo. Zaidi ya hayo, diski ya somo la lugha yenye nyimbo au sauti zilizorekodiwa kama za CD ya muziki haiwezi kuhifadhiwa kikamilifu katika ISO.

Kwa faili hizo ninakupendekezea WinCDEmu bila kusita. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, haina tangazo hata moja, na inazifahamu ISO, CUE, na aina nyingine za nakala za diski kama NRG, MDS, CCD na IMG. Ukishaisakinisha, unabofya faili mara mbili, unachagua herufi ya kiendeshi, basi. Inafanya kazi katika Windows 7 pia, kwa hivyo tarakilishi zako mbili za zamani zinaweza kuitumia hata kwa ISO. (Hizo mbili, nakusihi, zisiunganishwe na intaneti, kwani Microsoft ilikoma kuitegemeza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020.) Virtual CloneDrive ya Elaborate Bytes nayo ni ya bure na nyepesi, ila si huria, na mahali penye watoto mimi hutanguliza programu ambayo mtu yeyote anaweza kuukagua msimbo wake.

WinCDEmu ikigoma kufungua somo fulani, itazame CUE kabla ya kuilaumu programu. CUE ni maandishi matupu, unaweza kuifungua kwa Notepad, na mstari wake wa kwanza huwa kama huu: FILE "SOMO1.BIN" BINARY. Ikiwa mtu aliipa faili ya BIN jina jipya, au aliihamishia folda nyingine, mstari huo unaelekeza pasipo na kitu. Rekebisha jina lililomo ndani ya alama za kunukuu, uhifadhi, na faili zote mbili zikae folda moja.

Kabla ya kusakinisha lolote, iondoe ile programu ya zamani kupitia orodha ya programu za Windows, kisha uzime na kuwasha tarakilishi, kwa kuwa programu za aina hii huweka kipande chao ndani kabisa ya mfumo na hakitoki mpaka tarakilishi iwashwe upya. Kagua pia kivinjari, usije ukakuta ukurasa wake wa kwanza umebadilishwa. Programu mpya ipakue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kwenye tovuti za kukusanya programu, ambako kisakinishi huweza kufungashwa na vitu usivyoviomba. Na katika kila hatua ya usakinishaji soma visanduku vilivyokwisha kutiwa alama kabla ya kubofya "Next". Pakua mara moja tu, kisha usambaze kwa flashi, ili bando lako lisaidike.

Na masomo ambayo hayadai kuona diski, yaani yale ya video, picha na maandishi ya PDF, hayahitaji kiendeshi cha aina yoyote. Yatoe ndani ya ISO kwa 7-Zip, ambayo nayo ni huria na haina matangazo, uyaweke katika folda ya kawaida, kisha uinakili folda hiyo katika kila tarakilishi ya darasa.