Mwanangu, kuhusu kiti cha Bunge

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uiache ofisi yako ya uwakili hapo Kapsabet ukagombee ubunge mwaka 2027, na tangu niipate barua yako namfikiria Jean-Marie Seroney, ambaye babu yako alizidi kumwita "wakili wetu" hata alipokuwa mbunge wa Tinderet na Naibu Spika.

Mwajua nyote jinsi babu alivyopenda kusimulia habari za Oktoba 1975. Mbunge Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama chama tawala, KANU, kilivyouawa. Wenzake walipomtaka athibitishe, Seroney akasema kutoka kiti cha Spika kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Babu alicheka kila alipoyarudia maneno hayo, kwa sababu, alisema, hayo ni maneno ya mtu wa mahakamani: hata hakimu hadai ushahidi wa jambo linalojulikana na wote.

Mimi sikucheka sana. Nikisikia habari ya wakili kwenda Bungeni, humwona kwanza yule mwingine, ambaye jina lake halitajwi kwetu. Babu alimlipa kwa pesa za majani chai, akamkabidhi hati zote za shamba, kisha uchaguzi ukaja, bwana huyo akashinda, na ofisi yake ya ghorofani ikabaki na karani aliyetujibu kila mara, "Mheshimiwa yuko Nairobi." Siku ya kusikizwa kesi babu alisimama peke yake, amevaa koti la kuazima, akaomba tarehe nyingine, akanyimwa. Unajua ni nani analima sasa kile kipande cha chini, penye mto.

Ndiyo maana nimesema siku zote, na ninasema tena: mwenye kesi hahitaji hotuba, anahitaji mtu wa kusimama naye. Hata hivyo najipinga mwenyewe, kwa kuwa sheria zilizomfunga babu mikono hazikutungwa Kapsabet, na mawakili wote wa mji huu wangebaki ofisini mwao, nani angekwenda kuzibadilisha? Seroney naye alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya Azimio la Nandi la 1969, aliposema ardhi ya Nandi Hills ni ya Wanandi. Sidhani kama angeweza kulipeleka dai hilo mbali hivyo kwa kuandika hati za viapo tu. Lakini basi, yeye alikuwa Seroney.

Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha, ila sitalitoa sasa. Kwanza niandikie ni wateja wangapi wana kesi zilizokwisha kupangiwa tarehe, mafaili yao utamkabidhi wakili gani, na kama wao wenyewe wameambiwa.

Mama yako