Boti ya reggae laivu Jinja: jibu kutoka kwa mpiga besi

Mkuu, wewe wa Bukoba, umesema mnavuka mpaka wa Mutukula mwezi ujao, mna siku tatu Uganda, na umeona bango la boti yenye bendi ya reggae kwenye Mto Nile hapa Jinja. Unauliza kama inafaa kwenda na mke wako pamoja na mama mkwe, na kama mpande ya jioni au ya usiku. Nimepiga gitaa la besi kwenye boti za namna hiyo kwa muda, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana ukiwa upande wa spika. Pandeni ya jioni.

Usitegemee safari ndefu. Jina la Nile linawafanya wageni wafikirie wataamkia Misri, kumbe chini kidogo ya chanzo kuna bwawa la Nalubaale, lile la Owen Falls la 1954, lililoyazamisha maporomoko ya Ripon aliyoyaona mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1862. Boti haivuki bwawa. Mtatoka gatini, mtazunguka pale Ziwa Victoria linapoanza kugeuka mto, mtaona minandi wakianika mabawa na kenge wakiota jua kwenye mawe, kisha mtarudi. Anayetaka mto wa viboko na maporomoko aende hifadhi ya Murchison.

Muziki wenyewe sasa. Watu huuliza nani anaimba. Mimi ningeuliza kwanza jenereta iko wapi na imefungiwa nini kingine. Kuna siku tulikuwa tumechomeka vyombo vyetu kwenye jenereta moja na friji ya vinywaji. Kila friji ilipowaka umeme ulishuka, na kinanda kikajizima na kuanza upya katikati ya wimbo, sekunde kadhaa bila sauti. Mpiga dramu akanitazama, nikamtazama, tukaendelea wawili tu, besi na dramu, huku gitaa likidokoa hapa na pale. Abiria wakashangilia, wakidhani tumewapigia dabu, ile reggae inayobakiza besi na dramu mbele, kwa makusudi. Kaka mmoja mwenye rasta hadi kiunoni alikuja kunipongeza! Mpiga kinanda hakusema na mtu mpaka tulipotia nanga.

Jambo jingine ni mkondo. Boti ikishuka nao, injini karibu inalala, na hapo ndipo utasikia reggae jinsi inavyotakiwa: dramu kubwa ikiangukia pigo la tatu, gitaa likikata katikati ya mapigo, besi ikitembea chini yake taratibu. Ikianza kupanda kurudi, injini inakoroma na sauti ya mwimbaji inamezwa. Sisi nyimbo za taratibu tulizipiga wakati wa kushuka, na zile za kurukaruka tukaziweka akiba ya kurudi, maana hapo kila mtu anapiga kelele hata hivyo. Ukiona bendi inaanza na vishindo tangu gatini, ujue hawajawahi kupiga majini. Na kwa kuwa boti haina kuta, besi inatoroka. Ukikaa nyuma kabisa utapata moshi wa jenereta tu. Kaeni katikati, hatua chache mbele ya spika.

Za Lucky Dube hazikosekani, huku kwetu hata bibi anazijua. Lakini usikose kuimba ikifika "Namagembe" ya Maddox Ssematimba, mwimbaji wa reggae wa hapa Uganda. Ni Kiganda, na hata kama hujui neno, boti nzima itakufundisha kiitikio. Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako Mluo, Msoga na Mteso wote walikutana kwenye Kiswahili, na wimbo huo ulikuwa unatoka kila dirisha.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mimi boti ya muziki huiogopa kuliko ya samaki, kwa sababu samaki hawakimbilii upande mmoja. Mara mbili nimeona abiria wote wakihamia kushoto ili wapate picha ya chanzo, boti ikalala, amplifaya yangu ikateleza hadi ikagonga goti la mpiga gitaa. Nahodha alimnyang'anya mwimbaji maikrofoni na kuwafokea kama watoto wa shule. Sikumlaumu. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza boti inaruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha hesabu vichwa mwenyewe. Bendi na spika nazo zina uzito, watu husahau. Jaketi la kujiokolea livaeni, msilikalie. Usiseme unaogelea. Mimi nimezaliwa dakika chache kutoka ziwani na siogelei, na wengi wa hapa ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana nikasema jioni. Hapa tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo ukipanda saa kumi na moja unapata mwanga, machweo, na bado unashuka ukiona unapokanyaga. Usiku pombe imeshapanda, giza limeingia, na ziwa hili mvua zake za radi hupenda usiku. Upepo wa jioni nao una baridi, mchukulieni mama kitenge au sweta.

Sasa huyo mama mkwe. Kwa Waganda mkwe na mama mkwe hukaa mbali hata wanaposalimiana, na wewe unataka kumpandisha boti isiyofika hatua ishirini kwa urefu! Sijui kwenu Bukoba mmelegeza kiasi gani. Nimewahi kuona familia ikifanya hivi: bibi walimweka mbele karibu na nahodha, ambako muziki hauumizi masikio, binti yake akakaa naye, na mkwe akabaki nyuma na sisi wapiga vyombo. Mambo yakaenda vizuri mpaka bibi mwenyewe alipoinuka kucheza. Ikitokea hivyo, wewe angalia mto.